Uasi, Khitilafu na Upinzani: Maneno ya Kutokubaliana na Mgogoro wa Takaungu, 1895–1896

1. Utangulizi

Mwaka 1896 Serikali ya Uingereza ilichapisha kwa ajili ya Bunge lake mkusanyiko wa barua kuhusu vita vilivyokuwa vimekwisha karibuni katika pwani ya Kenya. Kichwa cha mkusanyiko huo kiliyaita mambo yote yaliyotokea kwa neno moja la Kiingereza, "rebellion". Neno hilo hufasiriwa kwa Kiswahili "uasi", na kwa kuwa fasiri hiyo yaonekana nyepesi, imekuwa desturi kuwataja Mazrui wa Takaungu na wenzao kuwa waasi wa mwaka 1895. Mara chache huulizwa walimwasi nani.

Swali hilo ni la historia, lakini ni la lugha pia. Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza hali ya watu kutokubaliana: kukataa, kuiza, kubisha, kuteta, kugomba, kushindana, kukhitilafiana, kufarakana, kupinga, kukinza, kuhalifu, kuasi, na mengineyo. Katika kamusi za lugha mbili maneno kama haya hupangwa bega kwa bega chini ya neno moja la Kiingereza kana kwamba ni visawe, na mwenye kutafsiri huachiwa achague apendalo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo hayalingani. Kila moja hubeba ndani yake habari ya daraja za watu wanaohusika: nani yuko juu ya nani, au kama wote wako sawa. Kwa hiyo anayechagua neno huwa amekwisha kutoa hukumu juu ya haki ya kila upande, hata kama hakukusudia kuhukumu.

Mgogoro wa Takaungu unafaa kuwa mfano kwa sababu ulianza ukiwa ushindani wa jamaa wawili juu ya kiti cha utawala, ukamalizika ukiitwa uasi. Katikati ya mwanzo huo na mwisho huo yamo mabadiliko ya mambo, na yamo pia mabadiliko ya maneno.

2. Takaungu na kiti chake

Takaungu ni mji ulio kando ya hori, kusini kidogo ya Kilifi na kaskazini ya Mombasa. Umaarufu wake katika karne ya 19 ulitokana na ukoo wa Mazrui, na haiwezekani kuueleza mgogoro wa 1895 bila ya kurudi nyuma hadi Mombasa.

Mazrui walitoka Oman, wakashika uliwali wa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 kwa kuwekwa na maimamu wa ukoo wa Yaarubi. Ukoo wa Busaidi ulipoutwaa utawala wa Oman katika miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman hakumkubali Ahmad bin Said kuwa bwana wake. Msimamo huo ulikuwa na mantiki yake. Mazrui waliwekwa na Yaarubi, na utii waliokuwa nao kwa Yaarubi haukuhamia kwa Busaidi kwa sababu tu ya Busaidi kushinda katika nchi nyingine. Muhammad aliuawa, lakini ndugu yake Ali bin Uthman akaitwaa tena ngome, na Mazrui wakatawala Mombasa kwa muda wa karibu miaka 90 zaidi. Kwa upande wa Busaidi hali hiyo yote ilikuwa ni uasi wa liwali. Kwa upande wa Mazrui hapakuwa na mtu wa kuasiwa. Hivyo tangu mwanzo ugomvi wa koo hizi mbili ulikuwa pia ugomvi juu ya neno la kuuitia.

Ugomvi huo ulikatwa kwa nguvu mwaka 1837, Seyyid Said bin Sultan alipoipata Ngome ya Mombasa. Wakubwa wengi wa Mazrui walikamatwa wakapelekwa Ghuba ya Uajemi, wala hawakurudi. Waliosalia waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikwenda kusini, likakaa Gazi. Jingine lilikwenda kaskazini, likakaa Takaungu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipopita Takaungu mwanzoni mwa mwaka 1844, akielekea Mombasa na Unguja, aliwakuta huko wahamiaji hao ambao kuhama kwao kulikuwa bado hakujatimiza miaka 10. Katika miaka iliyofuata Takaungu ikawa mji wa nafaka. Mashamba yake yalilimwa na watumwa, na mazao yake yakasafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni. Mazrui wa Takaungu walikaa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, huku mambo ya mji wao wakiyaendesha wenyewe.

Yafaa kutazama kwa makini namna kiti cha ukoo kilivyorithiwa. Kwa Mazrui utawala haukushuka kwa lazima kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Huko Mombasa ulipita mara nyingi kwa ndugu na kwa binamu, kwa kutazamwa umri, heshima na shauri la jamaa. Takaungu nako kiti kilikuwa kwa Rashid bin Khamis, kisha kikawa kwa ndugu yake, Salim bin Khamis. Salim alipofariki mwezi wa Februari 1895, watu wawili walikuwa na madai. Wa kwanza alikuwa Mbaruk bin Rashid, mtoto wa mtawala aliyetangulia, naye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri. Wa pili alikuwa Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, na kila mmoja alikuwa na hoja yake.

Lau mambo yangaliachwa mikononi mwa jamaa, huenda yangalikwisha kwa shauri, au kwa vita vya ndani, au kwa mmoja kuhama kama walivyohama wazee wao. Lakini pwani ilikuwa imekwisha kupata bwana wa tatu. Kwa mkataba wa Mei 1887 Sultani Barghash aliwakodisha Waingereza uendeshaji wa pwani yake, na mwaka 1888 shughuli hiyo ikashikwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mtumishi wa Kampuni aliyekuwa Malindi, Kenneth MacDougall, alimuunga mkono Rashid bin Salim, na huyo ndiye aliyekalishwa kitini. Mbaruk hakukubali. Akatoka mjini na watu wake, akajiweka Gonjoro, ndani ya bara ya Takaungu, na pamoja naye akawa ndugu yake, Aziz bin Rashid.

Mwezi wa Juni 1895 balozi mkuu wa Uingereza aliyekaa Unguja, Arthur Hardinge, alikwenda huko na askari wa manowari, na Mbaruk akafukuzwa Gonjoro. Akakimbilia kusini kwa jamaa yake wa Gazi, ambaye naye jina lake lilikuwa Mbaruk bin Rashid, mzee aliyekuwa amekwisha kupigana mara kadhaa na masultani wa Zanzibar. Huyo alitakiwa awatoe wageni wake. Hakuwatoa, na kwa kutowatoa akaingia vitani. Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni iliondoka na nchi ikatangazwa kuwa chini ya hifadhi ya Uingereza. Tarehe 17 Agosti boma la Mweli lilitwaliwa na jeshi lililoongozwa na Admeri Rawson. Mapigano ya kuvizia yaliendelea katika pwani yote mpaka askari walipoletwa kutoka Bara Hindi mapema mwaka 1896. Mwezi wa Aprili Mbaruk wa Gazi na wafuasi wake walivuka mpaka, wakajitoa kwa Wadachi. Mzee huyo alimalizia maisha yake Dar es Salaam.

3. Maneno na daraja za watu

Sasa yafaa kurudi kwenye maneno yenyewe. Kwa madhumuni ya makala haya yaweza kugawanywa katika mafungu matatu, kwa kufuata uhusiano wa wanaohusika.

Fungu la kwanza ni la maneno yanayotoka chini kwenda juu. Hapa mko kuasi, kuhalifu na kukaidi. Mtu humwasi Mungu, huwaasi wazazi wake, huiasi serikali, huuasi ukoo wake. Hakuna anayesema kwamba baba amemwasi mtoto, wala kwamba mfalme amewaasi raia zake. Kuasi kwahitaji kwanza pawe na utii unaodaiwa kwa haki. Utii usipokuwapo, neno halina pa kusimama. Kuhalifu nako hutaka pawe na amri au sheria ya kuhalifiwa, na ndiyo sababu mhalifu katika Kiswahili cha leo ni mvunja sheria tu. Ukaidi ni jambo dogo zaidi, lakini lina umbo lile lile: mkaidi ni yule asiyesikia la mkubwa. Methali isemayo kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi hutolewa na mkubwa kwa mdogo, na ingekuwa kichekesho kama mdogo angempa mkubwa.

Fungu la pili ni la maneno ya watu walio sawa. Hapa mko kubisha na kubishana, kuteta, kugombana, kuzozana, kushindana, kukhitilafiana na kufarakana. Kubisha ni kusimamisha neno lako mbele ya neno la mwenzio. Mabaharia wa pwani hulitumia neno hilo pia kwa chombo kinachokwenda mbele huku upepo ukikijia usoni, kikikata huku na huku. Chombo hicho hakiuasi upepo. Kinatafuta njia yake tu. Kuteta, katika matumizi ya pwani ya kaskazini, ni kugombana kwa maneno, na hapo ndipo lilipotoka neno "utesi". Mahali pengine kuteta ni kumsema mtu asipokuwapo. Kugombana ni jambo la kawaida la wanaoishi pamoja, na methali za Kiswahili hulikubali hivyo. Wagombanao ndio wapatanao, husemwa. Tena husemwa kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hii ya pili yahusu moja kwa moja jambo lililotokea Takaungu. Ndugu hugombana, hawaasiani. Na mtu wa nje huonywa asijitie kati, kwa kuwa ugomvi wa ndugu una siku yake ya kwisha.

Fungu la tatu ni la maneno yasiyojali daraja. Hapa mko kukataa na kuiza, ambalo ni neno la Kiswahili cha kaskazini lenye maana hiyo hiyo, na mko kupinga na kukinza. Maana ya asili ya kupinga ni kuweka kitu kikingame njiani au mlangoni. Kutokana na mzizi huo yamepatikana maneno pingo, pingu, kipingo, pingamizi na kipingamizi. Gogo lililopinga njia humzuia sultani kama linavyomzuia mchukuzi. Mtu aweza kumpinga aliye juu yake, aliye sawa naye, na hata aliye chini yake, na neno likabaki sahihi katika hali zote tatu.

Mgawanyo huu haukutokana na dhana ya maana peke yake. Sarufi nayo yauthibitisha. Kauli ya kutendana, inayoonyeshwa na kiambishi "-an-", huingia bila ya taabu katika vitenzi vya fungu la pili na vya fungu la tatu: hugombana, hubishana, hushindana, hukhitilafiana, hupingana, hukinzana. Katika matumizi ya kawaida haiingii katika kuasi. Watu wawili hawawezi kuasiana, kwa kuwa hawawezi wote wawili kuwa juu ya mwenzake kwa wakati mmoja.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika majina ya watendaji. Mshindani ametokana na kushindana, na kiambishi cha kutendana kimebaki ndani ya jina lake. Ndivyo alivyo mpinzani na ndivyo alivyo mkinzani. Sauti "ng" ya kupinga imegeuka "nz" kama inavyogeuka katika jenga na mjenzi, au tunga na mtunzi, na "-an-" imekaa mahali pake. Kwa umbo lake, basi, jina mpinzani hutangaza kwamba wapo wawili, na kwamba kila mmoja ni mpinzani wa mwenzake. Jina muasi halina kiambishi hicho. Muasi ni mmoja, na anayeasiwa hawi muasi wa yeyote. Vivyo hivyo jina mpingaji, lililotokana na kupinga bila ya kutendana, humwonyesha mtu mmoja akizuia jambo la mwingine. Tofauti ya mpingaji na mpinzani ni silabi chache tu, lakini mpinzani anatambuliwa kuwa ana mwenzake, na mpingaji hatambuliwi.

Maneno yaliyotoka Kiarabu nayo yafuata mpango huu huu, na hapa pana jambo la kupendeza. Mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti kh, l na f umekipa Kiswahili maneno matatu. La kwanza ni khalifa, yaani anayekuja nyuma ya mwingine akashika mahali pake. La pili ni khitilafu, yaani tofauti ya rai baina ya watu. La tatu ni kuhalifu, yaani kwenda kinyume cha amri. Mgogoro wote wa Takaungu waweza kusimuliwa kwa maneno hayo matatu: alitafutwa khalifa wa Salim bin Khamis, ikatokea khitilafu baina ya jamaa, na mmoja wao akahesabiwa kuwa amehalifu. Neno hasimu pia lafaa kutajwa. Katika Kiarabu asili yake ni mtu wa upande wa pili mbele ya kadhi, na mbele ya kadhi mahasimu wote wawili husimama sawa mpaka hukumu itoke.

4. Walimwasi nani?

Kipimo hiki kikitumiwa kwa mambo ya 1895, majibu hayawi mamoja kwa watu wote waliohusika.

Uko mfano wa karibu wa uasi usio na shaka. Mwezi wa Januari 1875 Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo chake cha Al-Akida, alikuwa kamanda wa askari wa Sultani katika Ngome ya Mombasa. Alimgeukia Seyyid Barghash aliyemweka, akajifungia ngomeni, mpaka manowari za Kiingereza zilipoipiga ngome kwa mizinga akasalimu amri. Mambo yake yalitungiwa utenzi na mshairi wa ukoo wa Mazrui, Abdallah bin Masud, nao ukachapishwa mwaka 1950 na Mbarak Ali Hinawy. Al-Akida alikuwa mtumishi, alikula mshahara wa bwana wake, na ngome aliyoishika haikuwa yake. Hapo neno kuasi limekaa pahali pake bila ya taabu.

Mbaruk wa Takaungu hakuwa hivyo. Mwezi wa Februari 1895 yeye na Rashid bin Salim walikuwa washindani. Hakuna kati yao aliyekuwa juu ya mwenzake, kwa sababu kiti chenyewe ndicho kilichokuwa kikigombewa. Ili Mbaruk awe muasi, ilihitajiwa kwanza Rashid awe mtawala wa haki. Na haki ya Rashid ndiyo hasa Mbaruk aliyoikataa. Anayemwita Mbaruk muasi kwa kuwa alimpinga Rashid huwa ameanza kwa kulikubali jambo lililokuwa likibishaniwa.

Yaweza kujibiwa kwamba Mbaruk hakumwasi Rashid, alimwasi Sultani. Kisheria Takaungu ilikuwa nchi ya Sultani Hamed bin Thuwaini, na ilibaki hivyo hata baada ya mkataba wa Desemba 1895, ambao uliiweka pwani mikononi mwa serikali ya Uingereza kwa kodi ya mwaka huku bendera nyekundu ikiendelea kupepea. Lakini aliyeamua mambo ya kiti cha Takaungu alikuwa mtumishi wa Kampuni, aliyekwenda na askari alikuwa balozi wa Uingereza, na katikati ya vita Kampuni yenyewe iliondoka ikaja serikali nyingine. Katika muda wa miezi mitano mtu mmoja alidaiwa utii na Sultani, na Kampuni, na Uingereza. Neno "rebellion" liliwakusanya hao watatu likawafanya bwana mmoja. Neno "uasi", likitumiwa kwa uangalifu, hulazimisha swali la kila mmoja wao: je, huyu alikuwa na haki ya kutiiwa katika jambo hili?

Kwa Mbaruk wa Gazi jibu ni tofauti tena. Yeye alikuwa amepatana na serikali, na hakuwa na dai juu ya kiti cha Takaungu. Kosa lake la kwanza lilikuwa ni kuiza: alitakiwa kuwatoa jamaa zake waliomkimbilia, naye hakuwatoa. Hapo utii wa serikali ulikingamana na haki ya mgeni na ya damu. Kulifunga tendo hilo pamoja na tendo la Al-Akida kwa kamba ya neno moja ni kuyapoteza yote mawili.

Mwaka uliofuata swali lile lile lilitokea Unguja kwenyewe. Seyyid Hamed alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ya idhini ya Waingereza. Tarehe 27 jumba likapigwa mizinga. Khalid naye alikuwa mshindani wa urithi kabla ya kuitwa muasi. Desturi iliyoanza Takaungu ilikuwa imefika kwenye kiti cha Sultani mwenyewe: mtu wa nje huchagua mrithi, na tangu dakika hiyo khitilafu ya jamaa hugeuka uasi.

5. Kamusi na fasiri

Haiwezekani kusema kwamba kamusi ndizo zilizoleta mambo haya. Mizinga haikungoja kamusi. Lakini kamusi zilisaidia kuyafanya yaonekane ya kawaida, na athari yake imedumu kuliko mizinga.

Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kamusi ya Krapf, iliyotegemea zaidi lugha ya Mombasa na pande zake, ilitoka mwaka 1882, baada ya kufariki kwake mwaka 1881. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ya A. C. Madan ilitoka mwaka 1894, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Salim bin Khamis. Kati ya hizo, ya Krapf ilianza na neno la Kiswahili, na mara nyingi ikalieleza kwa mifano mirefu, kwa hiyo msomaji aliweza kuona ni nani anamwambia nani. Kamusi iliyoanza na neno la Kiingereza haikuweza kufanya hivyo. Ilimpa msomaji orodha, na katika orodha koma ni kama chombo kilichobomolewa: aliye sawa na asiye sawa hukaa pamoja bila ya kujulikana.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki. Kamusi za Frederick Johnson za mwaka 1939 ni matunda ya kazi hiyo. Faida za usanifishaji ni nyingi, na hapa si mahali pa kuzirudia. Hata hivyo, maneno ya kaskazini kama kuiza na utesi yalisukumwa pembeni yakawa ya ushairi, na khitilafu, baada ya kuwa hitilafu, leo husikika zaidi kwa maana ya kasoro ya mashine au ya umeme. Hivyo fungu la maneno ya watu walio sawa ndilo lililopunguzwa nguvu, huku uasi na uhalifu yakizidi kuimarika katika amri, hukumu na matangazo ya serikali.

Baada ya uhuru wanahistoria walianza kulikataa neno "rebellion" na kuweka mahali pake neno "resistance". T. H. R. Cashmore aliandika wasifu wa Mbaruk wa Gazi mwaka 1968, na Peter Koffsky akakamilisha tasnifu ya historia ya Takaungu mwaka 1977. Katika Kiswahili mabadiliko hayo yamefasiriwa kwa maneno kama ukinzani, upinzani na mapambano. Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili chenyewe kilikuwa na njia yake ya zamani. Mambo ya mwaka 1905 hadi 1907 katika kusini ya Tanganyika, ambayo kwa muda mrefu yaliitwa uasi katika vitabu vya Kijerumani na vya Kiingereza, Waswahili wamezoea kuyaita Vita vya Maji Maji. Vita vina pande mbili, na neno hilo halimpi yeyote utii asiokuwa nao.

6. Mpinzani bungeni

Neno lililoshinda katika siasa za leo limetoka katika fungu la tatu. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, kiongozi wa upinzani katika Bunge alikuwa Ronald Ngala wa chama cha KADU, mtu wa pwani hiyo hiyo ya Kilifi. Chama chake kilijivunja mwezi wa Novemba 1964. Chama cha KPU kilichoundwa mwaka 1966 kilipigwa marufuku mwaka 1969, na mwaka huo huo mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kwa waraka wake uitwao "Kenya: Twendapi?". Kosa lililotajwa lilikuwa la uchochezi, neno litokalo katika kuchochea moto. Aliyeuliza swali alihesabiwa kuwa ametia kuni.

Mwaka 1974 Kiswahili kiliingizwa katika Bunge la Kenya, wakati ambapo hapakuwa na chama cha pili cha kupinga. Vyama vingi viliporuhusiwa tena, nchini Kenya kwa badiliko la katiba la Desemba 1991 na nchini Tanzania mwaka 1992, jina "upinzani" likawa la kila siku. Umbo lake ni zuri kwa kazi hiyo, kwa sababu linakiri kwamba waliomo serikalini nao ni wapinzani wa wanaowapinga. Lakini papo hapo jina la jirani yake nalo lilipata wasemaji. Walioshika madaraka mara nyingi wamewaita wenzao "wapinga maendeleo", jina lisilo na kiambishi cha kutendana. Mtu aliyekuwa mshindani hugeuzwa kuwa gogo njiani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo haikulitumia neno la upinzani kwa cheo cha kiongozi wa upande wa pili bungeni. Ilimtaja kwa hesabu, kuwa kiongozi wa chama cha walio wachache. Uchache ni habari ya idadi, na hautoi hukumu ya haki wala ya kosa.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba maneno ya Kiswahili ya kutokubaliana yamepangwa kwa daraja za wanaohusika, na kwamba sarufi yenyewe, kwa kauli ya kutendana, huutunza mpango huo. Imeonekana pia kwamba fasiri inayopitia neno moja la Kiingereza huuficha. Katika mgogoro wa Takaungu kuficha huko kuliwafanya washindani wa urithi, wenye kuficha jamaa, na askari wenye kumgeuka bwana wao wawe watu wa namna moja.

Kazi iliyo mbele ya watunga kamusi ni kueleza, katika kila kidahizo cha aina hii, ni nani aweza kumtendea nani. Kazi iliyo mbele ya waandishi wa historia ni nyepesi kuitaja na ngumu kuifanya: kabla ya kumwita mtu muasi, wathibitishe kwanza utii aliokuwa akidaiwa. Kwa Al-Akida uthibitisho upo. Kwa Mbaruk wa Takaungu, aliyetoka mjini mwaka 1895 kwa kuwa kiti cha baba yake alipewa binamu yake kwa uamuzi wa mgeni, haupo. Na neno linalomstahili katika lugha yake mwenyewe ni mshindani.